Ukipotea, Inua Kijiko

Haya nyie wanywa kahawa wa Gongoni, sogezeni mabenchi! Wewe mwenye bao, ziache hizo kete, hazina miguu. Na wewe muuza kahawa, jaza kikombe usinitazame hivyo, leo nalipa kwa maneno.

Leo sisemi mpira. Sisemi siasa. Leo namsema Madamu, yule mwalimu wa Kiingereza wa shule yetu ya kata, kule njia ya Kwihara. Jina lake silitaji, kwanza kwa adabu, pili halikuwa na kazi. Walimu wa kike walikuwepo wengine, lakini ukisema "Madamu" peke yake bila kuongeza kitu, hata mbuzi wa jirani waligeuza shingo.

Mnanijua mwenzenu. Shule niliingilia mlango wa jikoni na nikatokea huo huo. Kusoma sikusoma, lakini nimewapikia makande waliosoma mpaka wengine sasa wana vitambi vya ofisini. Sufuria yangu ilikuwa kubwa, wallahi, mwiko wake nilichongewa na fundi wa mitumbwi wa mto Ugalla, akadhani nimemwagiza kasia. Ukumbukeni huo mwiko, maana ndio uliomleta Madamu katika maisha yangu.

Madamu alikuwa mwembamba. Upepo wa mwezi wa nane ukivuma, alijaza mawe kwenye mkoba ili asipelekwe Sikonge. Lakini sauti! Akipaza darasani, treni ya Kigoma inafunga breki. Alikuwa na mwavuli mweusi, haumtoki mkononi, na sijapata kuuona umefunguka. Mvua inamnyeshea, jua linamchoma, mwavuli umefungwa kwapani. Nikamuuliza siku moja, "Madamu, huo mwavuli mbovu?"

"Mzima kabisa, Mpishi."

"Sasa mbona unalowa?"

"Nikiufungua nitaonyeshea ubaoni kwa kitu gani?"

Alitoka Kwihara kila asubuhi kwa baiskeli, na kila siku alichelewa, si kwa sababu ya baiskeli, kwa sababu ya salamu. Njia ile ya zamani ina watu wa kila aina, na yeye hakuruka mtu. Huyu "mwangaluka", yule "shikamoo", yule "asalaam aleikum", huyu anaulizwa ng'ombe aliyekuwa anakohoa amefikia wapi. Akifika kwetu kengele imeshalia na imeshasahau. Na huyo huyo ndiye aliyekuwa mkali wa wachelewaji kuliko walimu wote! Siku moja zamu ya kukamata wachelewaji ikawa yake. Akafika, akakuta mstari getini, na wa mwisho kwenye mstari ni yeye. Mwingine angepita kimya. Madamu alishuka, akaegesha baiskeli, akachukua ufagio na kufagia uwanja pamoja na wanafunzi, huku akiwatajia kwa Kiingereza kila kinachofagiliwa. Jani, ganda, kokoto, mavi ya mbuzi. Wale watoto mpaka leo, ukiwaamsha usingizini, watakutajia mavi ya mbuzi kwa Kiingereza safi.

Kiingereza chake kilikuwa cha kunyooshwa kwa pasi. Lakini akijikwaa, alijikwaa kwa Kinyamwezi. Kuku walimwelewa kwa Kinyamwezi, mizani ya karanga aliisoma kwa Kinyamwezi, na usingizi ukimkamata kikaoni, alikoroma nadhani kwa Kinyamwezi pia. Mwalimu mmoja akamtania, "Madamu, wewe ni wa Kiingereza kweli?" Akamjibu, "Kiingereza ni cha kazini mdogo wangu. Hata askari halali na bunduki."

Sasa niwaambie shule yenyewe ilivyokuwa. Mkuu wa shule alikuwa mtu mzuri, anapenda suti na amri. Akatoa amri: ukivuka geti, Kiingereza tu, atakayesema Kiswahili anafyeka majani. Nyie! Shule ikanyamaza. Ilinyamaza mpaka muuza barafu akapita akidhani tumefunga. Njiwa wakaja kutaga madirishani. Watoto wanatoka shule ya msingi, miaka yote wamesoma kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza, kila kitu Kiingereza. Ni kama umelala Tabora umeamkia Uchina, na Mchina anakuuliza figo inafanya kazi gani. Utasema nini? Utamtazama tu. Basi darasa zima likawa linatazama tu.

Mmoja wa hao watazamaji ni mjukuu wangu. Huyu nililetewa kutoka Puge akae kwangu asome. Shule ya msingi aliwaacha wenzake mbali. Nyumbani alikuwa anaongea kama redio isiyo na kitufe cha kuzimia, Kinyamwezi na jogoo, Kiswahili na mimi, akikosa mtu anaongea na jiko. Kidato cha kwanza, bubu. Anatoka nyumbani anaongea, akikanyaga geti, kimya, kama mtu amemeza kufuli. Nikimuuliza anasema, "Babu, kichwani yapo. Yakifika mdomoni hayana nguo."

Na baba yake alishasema. Mtihani wa kidato cha pili ukimshinda, arudi Puge akapalilie tumbaku, wapo wadogo zake wa kusomeshwa. Na mkwe wangu yule hasemi mara mbili, kusema mara moja tayari kunamchosha. Kwa hiyo mimi nakoroga makande, lakini moyo uko dirishani kwa kidato cha kwanza, nasikiliza kama kale katoto katafungua mdomo.

Siku moja Madamu akaja jikoni. Wenzake walizoea kuja kunusa tu, yeye alikuja amemkokota kijana wa watu, Mwalimu wa Bailojia. Huyu alikuwa katoka Dar, suruali imembana mpaka akikaa inaomba msaada, na anajua Bailojia mpaka jina la chawa la ukoo. Alikuwa amenuna.

"Madamu, mimi nimesomea Bailojia," anasema. "Sikusomea kushikwa mkono."

"Sijakushika mkono, nimekushika shati. Kaa hapo kwenye gunia. Kesho una kipindi gani?"

"Osmosisi."

"Haya. Mfundishe Mpishi."

Kijana akanitazama kuanzia kandambili mpaka kofia. "Huyu mzee?"

"Huyu huyu. Kiingereza hana, Bailojia hana. Umewahi kupata mwanafunzi mzuri kuliko huyu?"

Nikavimba kichwa. Miaka yote hiyo sijapata kusifiwa kwa nisichokuwa nacho.

Madamu akanigeukia. "Mpishi, sheria ni moja. Ukipotea, inua mwiko. Usiseme kitu, usione aibu. Ukielewa, shusha."

Kijana akaanza kwa Kiingereza. Alipofungua mdomo tu nikainua mwiko. Akaendelea. Mwiko uko juu. Akaongeza mwendo, maneno yanatoka kama mahindi kwenye gunia lililotoboka, mwiko uko juu. Mkono ukaanza kutetemeka, ule ni mwiko wa mtu wa mitumbwi, si mchezo! Makande yanaungua, moshi umetanda, mimi niko pale kama askari wa sanamu.

"Shusha basi mzee!" kijana akafoka.

"Nishushe vipi na mimi bado nimepotea?"

Madamu akacheka mpaka akakalia vitunguu. Akamwambia, "Hivi ndivyo walivyo watoto wako arobaini na zaidi, ila wao hawana mwiko."

Yule kijana akasema jambo ambalo lilinifanya nimpende, "Sasa nifanyeje, Madamu? Maana mimi mwenyewe nilikariri hivyo hivyo."

Hapo ndipo Madamu alipomsimulia habari ya mzegamzega. Nyie wa mjini mnaujua? Babu zetu waliokuwa wakibeba pembe za ndovu kupeleka pwani, pembe ikiwa kubwa kupita mtu, hawakuigombania. Waliifunga kwenye mti, huyu mbele, huyu nyuma, mabega mawili, mzigo mmoja. Madamu akasema, "Bailojia ni pembe, na wewe ndiye unayeijua. Lakini hawa watoto hawafikii pembe bila lugha. Wewe shika mbele, mimi nishike nyuma. Tukiachiana, inaanguka juu ya watoto."

Wakaangaza macho jikoni kwangu wakitafuta cha kuonyeshea. Sasa kulikuwa na sufuria ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, niliiloweka juzi yake nikaisahau. Michembe ilikuwa imevimba, minene kama vidole vya tajiri. Kijana akaruka kutoka kwenye gunia. "Madamu! Hii hapa! Maji yameingia yenyewe!" Akachukua mkavu na uliolowekwa, akanionyesha huu na huu. Akachora chini kwa mkaa ukuta wenye vitundu na maji yanayopita. Akasema yale maneno ya Kiingereza polepole, machache, Madamu akayarudia, nikayarudia na mimi. Nikashusha mwiko. Mwenzenu nikawa nimeelewa osmosisi! Nilitembea wiki nzima nikiwaeleza watu sokoni. Na ninyi mjue, osmosisi ya Tabora ilianzia kwenye usahaulifu wangu.

Kuanzia hapo jikoni pakawa ofisi. Kabla ya kipindi, wawili wanakuja, mwenye somo na Madamu, wananifundisha mimi kwanza. Wanachagua maneno magumu machache, wanayachorea picha ya kubandika ubaoni. Darasani watoto wanaanza kuongea wawili wawili kwa Kiswahili, wanaliweka jambo sawa, halafu ndipo wanalisema kwa Kiingereza. Madamu alikuwa na msemo wake, "Pikieni Kiswahili, pakueni Kiingereza." Mkuu akisikia anakunja uso, lakini hakusema sana, maana ile dawa ilikuwa inaanza kufanya kazi na njiwa walishaanza kuhama madirishani.

Na vijiko! Kila mtoto wetu anatembea na kijiko chake cha makande. Madamu akahamisha sheria ya mwiko ikawa sheria ya kijiko. Umepotea? Inua kijiko, usione aibu. Mwalimu akiona vijiko, anasimama. Anaonyesha, au anachora, au anasema kwa ufupi. Watoto wakielewa wanashusha. Mara ya kwanza Mwalimu wa Bailojia kuona darasa zima limeinua vijiko, alidhani chakula kimechelewa.

Siyo kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Madamu huyo shujaa wa mavi ya mbuzi alikuwa anaogopa vyura kuliko kifo. Hakumwambia mtu. Siku ya somo la chura kijana akafungua kopo, chura akaruka, Madamu akawa juu ya dawati kabla chura hajatua. Akapiga kelele kwa Kiingereza ambacho hata Waingereza hawajakisikia. Mwalimu wa Bailojia akaligeukia darasa, akawaambia kwa utulivu, "Haya, elezeni mnachokiona." Vidole juu! Chura yuko chini ya meza. Madamu yuko juu ya dawati. Madamu ameshika mwavuli. Chura anamtazama Madamu. Sentensi zilitoka siku ile kuliko mwaka mzima, na Madamu kutoka kule kule juu akawa anasahihisha.

Au ile ya somo la Historia, walipotaka watoto waelewe safari za kwenda pwani. Madamu na mwenye somo wakawaambia watafute mzigo mzito wabebe mzegamzega kuzunguka uwanja. Watoto hawakuambiwa mzigo gani. Mkuu anatoka chooni, anaona meza yake ya ofisini, na kitambaa chake na kalamu zake, inaelekea Bagamoyo.

Lakini mjukuu wangu, kimya. Anaandika, anaelewa, kijiko anainua na kushusha, mdomo hafungui. Nikamuuliza Madamu, "Huyu wangu vipi?" Akasema, "Mwache, Mpishi. Sufuria haichemki kwa kutazamwa. Ila tusizime moto." Na mimi nilijua kuzima moto maana yake nini. Ni Puge na tumbaku.

Basi ukaja ugeni. Mkaguzi kutoka mjini, mzee mmoja mrefu, koti la sufu kwenye joto la mwezi wa kumi, miwani minene kama vitako vya glasi. Mkuu akaingiwa na homa. Akatuita wote.

"Kesho sitaki mchezo," anasema. "Mkaguzi akisikia Kiswahili darasani, nitaonekana nimeshindwa. Vijiko vibaki kwenye mabegi. Mwalimu mmoja, darasa moja. Madamu, wewe utakaa darasani kwako. Na akisema shule haiendi sawa, basi huu mzegamzega wenu naufunga moja kwa moja."

"Mkuu, watoto watanyamaza," Madamu akasema.

"Wakinyamaza angalau watakuwa na nidhamu."

Kesho yake mkaguzi akaingia kwa Mwalimu wa Bailojia, akakaa nyuma na Mkuu. Mimi nikajibanza dirishani na mwiko wangu, Madamu naye, mkaidi, akawa amewaachia wanafunzi wake kazi ya kuandika akaja kusimama pembeni yangu. Namwona mjukuu wangu dawati la pili, kichwa chini.

Kijana akaanza. Kimya. Akauliza swali. Kimya. Njiwa mmoja akarudi dirishani, nawaambia ukweli, akatazama ndani kuona kama pamekuwa salama. Jasho likamtoka kijana mpaka suruali ile ikazidi kubana. Mkaguzi akaanza kuandika andika. Nikajisemea, haya, moto umezimwa, nimnunulie mtoto jembe.

Halafu yule kijana, yule yule aliyekataa kushikwa mkono, akaweka chaki mezani. Akamgeukia mkaguzi, akasema kwa Kiswahili, mbele ya Mkuu: "Mzee, shikamoo. Samahani. Mzigo huu sisi tunabeba mzegamzega, watu wawili. Mwenzangu yuko pale dirishani. Naomba aingie, la sivyo utakuwa umekagua nusu."

Mkuu akatoa sauti kama tairi la baiskeli lililochomwa mwiba. Mkaguzi akatazama dirishani, akatuona tumejipanga, Madamu, mimi na mwiko. Akasema, "Marahaba. Aingie. Yule wa kasia abaki nje."

Nyie, wakafundisha! Huyu anaonyesha, yule anataja, huyu anachora, yule anauliza. Watoto wakageukiana wawili wawili, Kiswahili kikachemka, Mkuu ameziba uso kwa viganja. Halafu Kiingereza kikaanza kupakuliwa, kijiko kwa kijiko, kingine kimeungua kidogo lakini kinalika. Mkaguzi kalamu imesimama.

Mwishoni akaenda mbele kutoa neno. Na hapo ndipo balaa. Yule mzee alipenda Kiingereza kama mtoto anavyopenda sukari. Akaanza hotuba. Maneno marefu, kila moja lina mabehewa kama treni ya mizigo. Anapanda, anashuka, anazunguka, anarudi alikoanzia. Watoto wanamtazama. Mimi nishasahau kama kuna makande duniani.

Mara nikaona kijiko kimoja kimeinuka. Dawati la pili.

Kikafuata cha pili, cha tatu, vikamea kama uyoga, darasa zima vijiko juu, vinang'aa. Na mimi nje, mkono ukaenda wenyewe, mwiko juu. Mkaguzi akanyamaza. Nadhani alifikiri anapewa heshima, maana aliinamisha kichwa kushukuru. Akaendelea! Vijiko haviteremki. Akasimama tena.

"Mkuu," akauliza, "hivi vijiko vina maana gani?"

Mkuu akaanza kupapasa mifuko ya suti kama jibu liko humo.

Akasimama mjukuu wangu. Kijiko bado kakishika, nakiona kutoka nje. Akafungua mdomo, na Kiingereza kikatoka, kidogo, kimenyooka, kimevaa nguo zake zote. Baadaye aliniambia maana yake. Alisema, "Mzee, tumepotea. Tafadhali, chora."

Madamu amekumbatia mwavuli. Yule mkaguzi akamtazama mtoto, akatutazama wote, akavua miwani akaifuta, akaivaa. Akachukua chaki.

Kuchora hajui, tusimsingizie. Akachora mtu wa vijiti. Akachora mwingine nyuma yake. Akachora mti mabegani mwao, na katikati ya mti kitu kinaning'inia. Yeye alikusudia pembe ya ndovu. Lakini kilikuwa mbuzi. Mbuzi kabisa, sema hakuwa na miguu. Akawanyooshea kidole Mwalimu wa Bailojia na Madamu, akaonyesha wale watu wawili wa ubaoni, akasema neno moja kwa Kiswahili: "Endeleeni."

Vijiko vyote vikashuka kwa mpigo, darasa likalia kama duka la vyombo. Kumbe hotuba ndefu yote ile ilikuwa neno moja tu! Mzee mwenyewe akaanza kucheka, miwani ikaruka. Na Mkuu? Kufika jioni alikuwa anaueleza mzegamzega kwa watu getini kama kitu alichokiota yeye.

Kufuli la mjukuu wangu lilivunjika siku ile, na halijapata fundi tena. Mtihani wa kidato cha pili alipita. Baba yake alisikia, akasema, "Haya." Kwa mkwe wangu ile ni hotuba. Sasa hivi mjukuu yuko chuo cha ualimu, na akirudi likizo mimi ndiye ninayetafuta pa kujificha, maana anaongea mpaka jiko linazima lenyewe. Madamu alistaafu, yule kijana wa Bailojia amebaki pale na ndiye anayewakokota walimu wapya jikoni. Suruali ameongeza kidogo upana.

Sasa majuzi haya, mjukuu kaja likizo, akasema, "Babu, twende Kwihara tukamwone Madamu." Tukabeba karanga na chupa ya asali. Tunafika uani kwake, tunakuta gari kuukuu limeegeshwa, na kwenye kiti cha kamba amekaa mtu mrefu, koti la sufu, jua la saa tisa. Namtazama miwani. Mkaguzi!

Naye amestaafu, mke alimtangulia miaka, na Madamu ni mjane wa siku nyingi. Kuku wanadonoa miguuni pake, yeye kakaa kama yuko mahakamani. Madamu yuko kwenye mkeka anakoroga chai.

"Karibuni, karibuni," Madamu akasema. "Mgeni wangu alikuwa ana jambo la kusema. Endelea tu mzee, hawa ni wa nyumbani."

Sisi tukakaa. Yule mzee akasafisha koo, akasimama, akafunga kifungo cha koti. Akaanza. Kiingereza! Treni ile ile, mabehewa yale yale, na sasa kaongeza ya abiria. Anaweka mkono kifuani, anautoa, anaonyesha mbingu, anaonyesha gari, anaonyesha kuku. Mimi naelewa koti tu. Namtazama Madamu, yeye anayekijua Kiingereza kuliko wote waliokanyaga njia ile. Anamsikiliza, uso mkavu kabisa, hacheki. Halafu taratibu akakitoa kijiko kwenye chai, kikadondosha tone, akakiinua juu.

Yule mzee akakatika katikati ya sentensi. Masikio yakawa mekundu, nasema kweli, mtu mweusi vile.

Akatazama huku na huku. Hakuna ubao. Akaokota kijiti cha kuni, akapiga magoti na koti lake kwenye vumbi, akachora. Mtu wa vijiti. Wa pili nyuma yake, safari hii kamchorea mwavuli. Mti mabegani mwao. Akafika katikati, pale pa mzigo, akaanza kuchora kile kitu chake cha siku ile.

Madamu akauinamia mchoro. Mimi nimeacha kutafuna karanga. Kuku wenyewe wamesimama. Na kile kijiko, nawaambia nilikiona kwa macho haya, kikaanza kushuka. Polepole. Kinashuka, kinashuka, bado kidogo kiguse kikombe, na mjukuu wangu, yule bubu wangu wa kidato cha kwanza, akaruka kutoka kwenye mkeka akapiga kelele:

"Madamu, subiri! Usishushe kwanza, mbuzi wa mahari bado hana miguu!"